Kifaransa cha Mwanzo kwa Mtu Mzima

Wahenga walituachia methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Katika miaka yangu ya kuongoza chuo cha ualimu niliitaja mara nyingi mbele ya wanachuo, hasa wale waliokuwa wakijiandaa kufundisha darasa la kwanza. Nilipotimiza miaka sabini na moja nikajiandikisha katika darasa la Kifaransa cha mwanzo, methali hiyo ilinirudia kutoka vinywani mwa watu niliowafundisha mwenyewe. Mmoja wao, ambaye sasa naye ni mkuu wa shule, aliniuliza kwa heshima zote kama sikuona afadhali nilime bustani.

Siwalaumu. Lakini huu ni mwaka wangu wa tatu darasani, na mwalimu ni mwalimu: hawezi kukaa juu ya dawati bila kuuliza nani aliliranda. Nimejisomea asili ya somo lenyewe, nami nimeona kwamba kile kiitwacho Kifaransa cha mwanzo hakikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Kilitokana na mazungumzo ya watu wazima, kikagombaniwa na watu wazima, na lugha ndogo ya namna hiyo, ikishikwa vizuri, yaweza kubeba mambo mazito sana. Hayo ndiyo ninayotaka kumweleza msomaji.

Kwanza niseme sababu iliyonipeleka darasani. Binti yangu wa pili ameolewa Burundi, katika ukoo wa watu wa Gitega. Siku za arusi nilikalishwa pamoja na mzazi mwenzangu, baba wa mkwe wangu. Yeye ni mwalimu mstaafu kama mimi, na umri wetu unakaribiana. Lakini yeye ana Kirundi na Kifaransa. Mimi nina Kishambaa, Kiswahili na Kiingereza. Mjini Bujumbura Kiswahili hakikosi msemaji, ila yeye alikulia na kufundisha milimani, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Tulitafsiriwa na kijana mmoja hodari. Kijana alifanya kazi nzuri, lakini kuna mambo ambayo wazee wawili hawasemezani kwa kinywa cha mtoto. Tukabaki tukisifiana chakula.

Niliporudi nyumbani nilijiuliza ni nani aliyeweka ukuta ule kati yetu, na jibu lilikuwa katika vitabu vya historia nilivyokuwa nikifundishia. Mwaka 1914, Lushoto na Gitega zote zilikuwa chini ya gavana mmoja wa Kijerumani aliyekaa Dar es Salaam. Gitega yenyewe Wajerumani waliifanya makao ya utawala wao wa Urundi mwaka 1912. Vita vikaja; mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Ruanda na Urundi, na mwezi Mei 1919 Mwingereza Milner na Mbelgiji Orts wakapatana jinsi ya kugawana. Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Ndiyo maana babu zetu walikuwa raia wa koloni moja, nasi wajukuu tukasomeshwa tusielewane. Kifaransa cha mzazi mwenzangu na Kiingereza changu vyote viwili vimetoka katika mapatano yale.

Basi nikaanza kujifunza. Jambo la kwanza lililonifariji ni kwamba Wafaransa wenyewe, wengi wao, walijifunza Kifaransa kama mimi. Mwaka 1794, katikati ya mapinduzi yao, padri mmoja mwanasiasa aitwaye Grégoire alitoa ripoti mbele ya bunge la Paris juu ya hali ya lugha nchini. Alikadiria kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6, hasa wa mashambani, hawakukijua kabisa Kifaransa. Wengine milioni 6 hawakuweza kuendesha mazungumzo kwa lugha hiyo. Na waliokisema kwa usahihi hawakuzidi milioni 3. Waliobaki walisema Kibretoni, Kioksitani, Kibaski na lugha nyingine za kwao. Shule ndizo zilizogeuza mambo, hasa baada ya sheria za miaka ya 1881 na 1882 zilizofanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima. Hazikutumia upole peke yake. Mtoto wa Bretagne aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alivishwa kitu shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenziwe. Wazee wa Kenya waliosoma zama za ukoloni wanakijua kitu hicho vizuri. Kwao kilikuwa kibao au kipande cha bati. Adhabu moja, mabara mawili.

Sasa nije kwenye kiini. Nje kidogo ya Paris kuna mji uitwao Saint-Cloud. Mwaka 1882 kilianzishwa hapo chuo cha kuwaandaa watu watakaofundisha katika vyuo vya ualimu wa shule za msingi. Msomaji ataniwia radhi nikikaa kidogo hapa, maana ni kazi yangu ya maisha: chuo cha walimu wa walimu. Ni hapo hapo Saint-Cloud, mwaka 1951, kilipofunguliwa kituo cha kuchunguza Kifaransa cha mwanzo. Kiongozi wa uchunguzi alikuwa mwanaisimu Georges Gougenheim. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: mgeni anayeanza kujifunza Kifaransa apewe maneno gani kwanza?

Waingereza walikuwa wamekwisha kulijibu swali kama hilo kwa lugha yao. Mwaka 1930 Ogden alitoa orodha yake ya maneno 850 ambayo aliyachagua kwa kufikiri: neno gani laweza kufanya kazi ya maneno mengine, na neno gani laweza kuachwa. Watu wa Saint-Cloud walifuata njia nyingine. Walichukua mashine za kunasia sauti, ambazo wakati huo zilikuwa jambo jipya, wakaenda kusikiliza watu wanavyosema. Walinasa mazungumzo 163 ya watu 275. Walipoyaandika yote na kuyahesabu walipata maneno 312,135, na ukitoa yanayojirudia, yalibaki maneno mbalimbali 7,995. Kileleni mwa orodha vilisimama vitenzi viwili: être na avoir. Kwa Kiswahili ni kuwa na kuwa na.

Hesabu hiyo ilileta fumbo ambalo mwalimu yeyote atalifurahia. Maneno ya kawaida kabisa yalikosekana au yalikuwa mwishoni mwa orodha. Uma, ambao kila Mfaransa anaushika kila siku, hakuna anayeutaja kwa jina; anayeutaka husema nipe hicho. Ukifuata hesabu peke yake utamtuma mgeni mezani bila uma. Wachunguzi wakabuni dawa. Waliwaendea wanafunzi wa shule wakawapa mada 16, kama vile viungo vya mwili, nguo, nyumba, chakula na kadhalika, wakamwambia kila mmoja aandike maneno 20 yanayomjia kwa kila mada. Hapo uma ukajitokeza. Maneno hayo waliyaita yaliyo tayari: hayasemwi mara nyingi, lakini yanakaa karibu na mkono kama panga nyuma ya mlango. Kutokana na orodha hizo mbili walipata maneno yasiyofika 1,500 ya hatua ya kwanza, wakayachapisha mwaka 1954 pamoja na sarufi fupi.

Niliposoma habari hizo niliikumbuka kazi yangu ya kwanza. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nami nilipoajiriwa miaka michache baadaye kila mwalimu kijana alitarajiwa kufundisha kisomo jioni. Huko Mwanza, kati ya 1968 na 1973, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umetunga vitabu vya kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alianza kusoma kwa neno pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi. Mimi sikufundisha kwa vitabu hivyo peke yake, lakini kanuni yake ilituongoza sote. Nilikuwa na bibi mmoja ambaye alikataa kabisa kusoma a, e, i, o, u akisema hizo ni kelele za watoto. Alipopewa jina la mjukuu wake alikaa nalo mpaka akalijua. Mtu mzima haanzi na utupu. Anakuja darasani na nyumba nzima kichwani, anachotafuta ni mlango.

Hata hivyo mlango unaweza kuwa pia ukuta, na hapa ndipo ugomvi ulipozuka. Orodha ya Saint-Cloud ilitoka wakati Ufaransa bado ina makoloni mengi Afrika, na serikali yake haikuficha kwamba Kifaransa hicho kilikusudiwa pia kwa watu wa huko. Wapinzani wakauliza: je, Mwafrika atapewa maneno 1,500 halafu aambiwe yamemtosha? Mwanaisimu Marcel Cohen na wenzake walitoa kijitabu mwaka 1955 kukikataa Kifaransa cha mwanzo moja kwa moja. Wengine walilalamika kutoka upande wa pili, kwamba lugha ya waandishi wakubwa imekatwa mbawa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 jina likabadilishwa. Badala ya Kifaransa cha mwanzo kikaitwa Kifaransa cha msingi, ili ieleweke kwamba juu yake kuna nyumba itakayojengwa.

Nimeutafakari sana ugomvi ule, kwa sababu hata sisi tuliulizwa maswali kama hayo juu ya kisomo. Maoni yangu ni haya. Orodha fupi haina dhambi yoyote. Dhambi huingia pale mtu mwingine anapokuamulia kwamba hutapita hapo. Watawala wa Ubelgiji waliwafundisha watoto wengi wa Kongo na Ruanda-Urundi darasa za chini kwa lugha za Kiafrika, na Kifaransa kikawekwa juu kama dari: wachache walioruhusiwa kukipata ndio waliokalia viti vya ofisi. Mwenye kujifunza kwa hiari yake, akijua kwamba kitabu cha pili kipo na hakijafungiwa kabatini, ni mtu mwingine kabisa, hata kama maneno yake ni yale yale.

Sasa niseme kidogo juu ya kujifunza kwenyewe, kwa faida ya wenzangu wanaodhani haiwezekani. Wengi wetu tukiwa na Kiingereza hudhani tutakipitia hicho kufika kwenye Kifaransa. Ni kuzunguka bure. Mswahili ana njia ya mkato. Mfaransa husema j'ai faim, j'ai soif, j'ai peur, yaani nina njaa, nina kiu, nina hofu. Husema ana miaka kadhaa, kama sisi. Husema je te vois, akiweka anayeonwa mbele ya kitenzi, nasi tunasema ninakuona kwa mpangilio huo huo. Tofauti ni kwamba sisi tunaandika neno moja na yeye matatu. Na jambo linalowatia wengi homa, kwamba kila nomino ina jinsi yake na kivumishi sharti kiifuate, halitakiwi kumtisha mtu aliyekua akisema kitabu kizuri kimepotea na mti mzuri umekatwa. Anayetawala ngeli zote zile atashindwa na mbili?

Kigumu ni sikio. Mfaransa haachi nafasi kati ya maneno, hulegeza hili na kuliunganisha na lile, hata msikilizaji asijue neno limeanzia wapi. Hilo nalo si geni pwani kwetu. Tazama neno divai. Asili yake ni du vin, na ile du si sehemu ya jina la kinywaji; ni kiungo tu cha kuonyesha kiasi fulani cha kitu. Waliolipokea neno walilichukua kama lilivyoingia sikioni, kiungo na jina pamoja, wakalishona likawa moja. Walisikia vizuri kabisa. Ndivyo anavyosikia mtu mzima anayeanza, na ndiyo maana walimu wa Saint-Cloud walipotunga masomo yao kwa wageni watu wazima, kwa kushirikiana na Petar Guberina wa Zagreb, walitanguliza sauti na picha, maandishi yakaja baadaye.

Na kama kuna anayetaka ushahidi kwamba samaki mkavu hukunjika, namtajia mtu mmoja aliyepita njia yetu kutoka upande wa pili. Padri Charles Sacleux, Mfaransa, alifika Zanzibar mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 23, bila kuzaliwa na neno moja la Kiswahili. Alifanya kazi Zanzibar na Bagamoyo mpaka karibu na mwisho wa karne. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891. Ile kubwa, ya Kiswahili na Kifaransa, ilitoka Paris mwaka 1939, naye ana miaka zaidi ya themanini. Hadi leo wanaochunguza lahaja zetu wanaifungua. Alianza na maneno ya salamu kama mtu mwingine yeyote.

Siku hizi madaraja yamepangwa upya. Mwaka 1976 Baraza la Ulaya lilitoa kitabu cha Kifaransa kilichoeleza kiwango walichokiita cha kizingitini, yaani kiasi cha lugha kinachomwezesha mtu mzima kuingia nyumba ya wenyewe na kukaa nao. Mwaka 2001 ukatoka mpango wa madaraja sita, kuanzia A1 hadi C2. Mimi niko A1, chini kabisa. Nalipenda lile neno la zamani zaidi. Mswahili anajua kizingiti ni mahali pa kusimama ukapiga hodi, na mwenye hodi si mgeni tena kabisa.

Kilichonitaabisha kuliko vyote ni hesabu. Kwa Wafaransa sabini ni soixante-dix, sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, ishirini nne. Tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi. Haya ni mabaki ya desturi ya kale ya kuhesabu kwa makumi mawili. Paris ipo hospitali ya macho iitwayo Quinze-Vingts, yaani ishirini kumi na tano, kwa sababu Mfalme Louis wa Tisa aliianzisha karibu mwaka 1260 kwa ajili ya vipofu 300. Tusiwacheke. Sisi nasi tulikuwa na mtandatu na mfungate, tukayaacha tukachukua sita na saba za Waarabu. La pili limebaki katika fungate, siku saba za maarusi. Darasani nilipoulizwa umri wangu nilijibu sitini na kumi na moja, soixante et onze, nikajiona nimebeba mzigo wa watu wawili.

Nikampigia simu mzazi mwenzangu kumwonyesha nilichojifunza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akanisahihisha: kwao hawasemi hivyo. Husema septante, sabini iliyonyooka, na nonante, tisini. Ndivyo wasemavyo Wabelgiji, na walipokuja Burundi, Rwanda na Kongo walikuja na hesabu zao. Mwalimu wangu alikubali kwamba zote ni sahihi. Nikaamua kushika septante, kwa kuwa sikujifunza Kifaransa ili nikaongee na watu wa Paris.

Mwaka uliofuata nilikwenda Gitega kumwona mjukuu. Jioni moja tulikaa nje, wazee wawili, kijana mkalimani hayupo. Tukazungumza kama wanavyozungumza watu wa A1: mvua, ng'ombe, bei ya maharagwe, magoti yetu. Nikamuuliza kama ana ndugu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: J'ai perdu deux frères, en septante-deux.

Nimepoteza kaka wawili, mwaka sabini na mbili. Sisi wa Tanzania tuliujua mwaka 1972 kwa wakimbizi waliovuka mpaka, wakakaa Ulyankulu na Katumba. Huko walikotoka Wahutu wengi mno waliuawa, na waliosoma walitafutwa kwa majina: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Kuyasikia kwa mtu niliyekula naye arusi ni jambo jingine. Na sentensi yake haikuwa na neno hata moja lililozidi kitabu changu cha kwanza. Avoir ilikuwemo, kile kitenzi cha kileleni, na namba ilikuwemo, ile ile aliyonisahihisha. Ningekuwa nimeshika hesabu za Paris peke yake, mwaka ule ungenipita.

Nilitafuta la kumjibu. Kifaransa nilicho nacho hakina neno pole. Kina maneno ya rambirambi ambayo yanakaa vizuri zaidi kwenye kadi. Nikamwambia kwa lugha yangu, pole sana. Hilo alikuwa nalo katika Kiswahili chake cha salamu. Akaniambia majina yao, na kila mmoja alikuwa amefika darasa gani. Tukakaa mpaka binti yangu alipokuja kutuita chakulani.

Bado niko kiwango cha chini. Mwalimu anasema nikijitahidi nitaufanya mtihani wa A2 mwakani, nami nitaufanya Mungu akipenda. Wanaoniuliza Kifaransa cha mwanzo kitanifaa nini katika umri huu huwajibu kwamba nimekwisha kukitumia.